Nimestaafu, nataka kuchonga miko na vijiko vya mti. Nianze vipi ili isiwe ya kupitisha muda tu?

MstaafuMpya61

Habari zenu wote. Nina miaka 61, nimeacha kazi ya ofisini miezi minne iliyopita. Redio na matembezi ya asubuhi havijazi siku, na sitaki kujishughulisha ilimradi nionekane nina shughuli. Nataka kazi ya mikono ambayo mwaka ujao nitaijua zaidi ya leo, na kinachotoka kitumiwe na watu. Nimevutwa na miko na vijiko vya mti kwa kuwa havidai karakana wala mashine.

Hali ni hii. Nina baraza ya mita mbili kwa moja na nusu na kiti kimoja kigumu. Shina la kidole gumba cha kulia huniuma nikikamata kitu chembamba kwa muda mrefu. Natumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Kunoa sijui kabisa.

Naomba mnisaidie: vifaa gani ni vya lazima na vipi vinaweza kusubiri? Mti uwe mbichi au mkavu? Na la tatu, ambalo ndilo linanisumbua zaidi: nipange vipi kazi hii ili nisiiache baada ya kijiko cha tatu?

FundiTezo

Shikamoo mzee. Nachukua mawili ya kwanza.

Vifaa vya lazima ni vinne. Shoka dogo lenye kichwa cha gramu 500 hadi 700. Kisu cha kuchongea chenye wembe ulionyooka wa sentimita 8 hadi 10, usiokunjika. Kisu kilichopinda cha kukombea ndani ya kijiko. Na cha nne, ambacho wengi hukiacha halafu wakakata tamaa, ni vifaa vya kunolea. Msumeno wa mkono wa kawaida utakaokuwa nao nyumbani unatosha. Tezo (shoka dogo lenye wembe wa kukingama), jiliwa (kibanio cha mezani), patasi za aina saba, vyote vinasubiri.

Kabla hujagusa mti, tumia wiki nzima kujifunza kunoa. Kisu butu kinadai nguvu, nguvu inaumiza kidole gumba, na kisu kinachosukumwa kwa nguvu ndicho kinachoteleza. Huhitaji vinoo vya kifahari. Chukua kipande cha kioo kinene, bandika juu yake msasa wa maji, namba 400, 800, 1500 na 2000. Jumla ya pembe ya makali iwe kati ya digrii 20 na 25. Sasa siri yenyewe: paka wino wa kalamu nene kwenye mteremko wa makali, sugua mara mbili, kisha tazama wino umefutika wapi. Ukifutika nyuma tu, hujafika kwenye makali. Ukifutika kwenye makali tu, umeinua mgongo wa kisu kupita kiasi na unayaviringa makali. Makali yaliyoviringika yanaweza kukata karatasi vizuri kabisa, lakini kwenye mti kisu hupanda juu na kuteleza, na mtu hubaki anashangaa.

Sugua upande mmoja hadi usikie kwa kidole, upande wa pili, ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja. Bila huo ukingo hujamaliza, hata kama mkono umechoka. Ndipo ugeuze. Malizia kwenye ukanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kung'arishia chuma, ukivuta kwa kurudi nyuma, kamwe si kwa kuelekea makali, mara ishirini kila upande. Ukishatoka hapo, makali yaelekeze kwenye taa: ukiona mstari mweupe unaong'aa, hapo ni butu bado. Makali mazuri hayaonekani.

Kisu cha kukombea hunolewa kwa ndani kwa msasa uliozungushiwa kijiti cha mviringo chenye unene wa kidole. Nje kinalazwa kwenye kioo na kuzungushwa taratibu.

Mti: anza na mbichi. Unakatika kwa nusu ya nguvu, na kwa kidole chako hilo si jambo dogo. Tafuta tawi lisilo na mafundo, unene wa sentimita 10 hadi 15, ulikate urefu wa sentimita 28. Mti uwe wa nyuzi zilizobanana, usio mchungu wala wenye harufu kali. Miti mingi ya matunda inafaa. Mpera ni mgumu lakini unadumu, na mchungwa una nyuzi laini. Mwembe na mkorosho ni jamaa moja na utomvu wake huwasha ngozi za watu wengi, kwa hiyo si miti ya kuanzia. Mti usioujua jina usiuweke kwenye chombo cha kulia.

Pasua gogo katikati kwa shoka, ukiligonga kwa rungu la mti, si kwa nyundo ya chuma. Halafu ondoa kabisa moyo, yaani kile kidoa cha katikati ambako pete zote zinaanzia. Sababu ni hii: mti unapokauka, hunywea kuzunguka pete karibu mara mbili ya unavyonywea kutoka moyo kwenda gome. Kipande chenye moyo ndani hakina pa kuiachia tofauti hiyo, kinapasuka. Kisicho na moyo hujipinda kidogo tu na kupona.

Kwa mwiko, kipande kiwe na upana wa sentimita 6 hadi 7 na unene wa 3.5. Chora umbo kwa penseli. Kwa msumeno, kata mkato mmoja kila upande pale shingo inapoanza, usifike kwenye mstari, kisha shoka liondoe mpini kuelekea mkato huo. Mkato ndio unaozuia mpasuko usikimbilie kwenye kibakuli, yaani sehemu ya kuchotea.

Sheria ya kushika kuliko zote: penye bonde, teremka kutoka pande zote mbili mpaka mikato ikutane chini. Ukivuka chini na kuanza kupanda, kisu kinaingia chini ya nyuzi na kuzinyofoa. Ndani ya kibakuli komba kwa kukata nyuzi kimshazari au kwa kuzikatiza, si kwa kuzifuata kwa urefu.

Ukuta wa kibakuli uache milimita 6 hadi 7, sawa pande zote, kisha ukaushe. Ukikauka ndipo umalizie hadi milimita 3 au 4 kwenye ukingo. Shingo isipungue milimita 10 kwa kimo. Shingo ikiwa nyembamba, mwiko hukatika hapo siku ya uji mzito.

Daftari_na_Kisu

Mzee mwenzetu, nijibu lako la tatu, maana hilo la kuacha njiani lina sababu zake za kikazi kabisa.

Sababu ya kwanza: mtu anatengeneza kitu kipya kila mara. Mwiko, kesho kinyago, keshokutwa kisanduku. Hakuna anachokirudia, kwa hiyo hakuna anachoweza kulinganisha, na asiyelinganisha haoni kwamba amepiga hatua. Chagua umbo moja na ulirudie mara kumi na mbili. Kumi na mbili zile zile, kipimo kile kile. Cha kwanza na cha kumi na mbili vikae mezani pamoja. Mary Delany, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1700, alianza akiwa na miaka zaidi ya 70 kukata karatasi za rangi na kuzibandika juu ya karatasi nyeusi kuwa maua. Aliendelea kwa takriban miaka kumi mpaka macho yalipomshinda, akaacha maua 985, ambayo sasa yamo British Museum. Alikuwa na aina moja ya kazi, mmea mmoja baada ya mwingine, na aliandika majina ya mimea. Hakuwa akijiuliza kila asubuhi afanye nini.

Sababu ya pili: kazi haina madai juu ya siku ya kesho. Hapa mti mbichi ni rafiki yako kuliko unavyodhani, kwa sababu haungojei. Panga uwe na vipande vitatu katika hatua tatu tofauti: kimoja kinachopasuliwa na kukatwa kwa shoka, kimoja kinachokauka, kimoja kikavu kinachomaliziwa. Kinachokauka kinatakiwa kupimwa uzito kila siku. Mzani wa jikoni unatosha. Andika gramu. Uzito usipobadilika siku tatu mfululizo, kimekauka, na sasa kinakudai. Kilicho kibichi nacho kinakudai, kwa maana ukikiacha mezani siku mbili kitaanza ufa kwenye ncha. Hivyo unaamka ukiwa na jambo linalokungoja, na halikupangwa na bosi wala na kalenda. Ule uzito wa asubuhi ambao wastaafu wengi huusema, kutokuwa na kinachokutegemea, unapungua hapo kuliko kwenye ushauri wa aina nyingine.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa: vitu vinajaa rafuni na hakuna anayevitumia. Kwa kila kipande, mjue mtumiaji kabla ya kukata. Mpime. Anatumia mkono gani? Mwiko wenye ncha ya mshazari uliochongwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia hausugui sufuria vizuri kwa mtu wa mkono wa kushoto. Mshazari lazima ugeuzwe. Sufuria yake ina kimo gani? Mpini uzidi kimo hicho kwa sentimita 10 au zaidi. Mpe autumie mwezi mmoja kisha mwombe akurudishie uukague. Utaona ulipovaa, ulipobadilika rangi, vidole vyake vimeshika wapi. Maswali ya kumuuliza hayazidi matatu, na usimuulize kama umependeza, kwa sababu atasema ndiyo.

Kuna watu ambao kijiko cha dukani hakiwafai kabisa. Mwenye vidole vilivyovimba anahitaji mpini wa unene wa milimita 25 hadi 30, wenye umbo la yai ili usizunguke kiganjani. Asiyeweza kugeuza kifundo cha mkono anahitaji kijiko ambacho kibakuli kimeelekezwa kando, kumwelekea mdomoni. Kijiko cha namna hiyo hutoka vizuri kwenye tawi lililopinda lenyewe, kwa kuwa nyuzi zinafuata pindo na shingo haivunjiki. Kibakuli kiwe na kina cha milimita 6 au 7 tu, midomo iweze kukifuta chote. Mwenye kujua kutengeneza hicho kimoja hakosi wa kumtengenezea.

Daftari: ukurasa mmoja kwa kila kipande. Mti, tarehe uliyopasua, uzito wa kila siku, unene wa ukuta, mtumiaji, na kilichoharibika na unavyodhani kwa nini. Hayo "unavyodhani" ukiyasoma baada ya miezi sita yatakufundisha zaidi ya video.

Mkono_Salama

Naongeza la mikono na dawa, nalo lisipuuzwe.

Kwa kuwa damu yako haigandi haraka, zungumza na daktari wako kabla ya kuanza, mweleze wazi kwamba utashika visu. Kwenye baraza weka, mahali ambapo mkono mmoja unafika, bandeji ya kubana na vitambaa safi vya kutosha kukandamiza. Usifanye kazi ukiwa peke yako nyumbani katika miezi ya mwanzo. Mkono unaoshika mti uvae glavu isiyokatika kwa urahisi. Glavu hiyo huzuia mkato wa kuteleza, haizuii ncha inayochoma, kwa hiyo usiitegemee kama ngao.

Ukikaa, usichongee katikati ya mapaja. Mshipa mkubwa wa damu unapita pale. Geuza magoti upande mmoja na uchongee nje yake, au uchongee mbele ya kifua na viwiko vimebanwa kwenye mbavu. Viwiko vikibanwa, kisu hakina nafasi ya kwenda mbali hata kikiteleza. Kisu kikianguka, kiache kianguke.

Shoka: gogo la kukatia liwe na kimo cha kufika chini kidogo ya kiuno ukiwa umesimama, au cha goti ukiwa umekaa. Mkono unaoshika kipande ubaki juu ya mstari ambao shoka linapiga, daima. Ukifika nusu, kigeuze kipande.

Kidole gumba kinaumizwa zaidi na kubana kuliko na kusukuma. Kwa hiyo nenepesha mipini: zungushia ukanda wa ngozi au mpira wa baiskeli mpaka unene wa milimita 30 hivi. Na acha kushikilia mti kwa vidole. Ufunge mezani kwa jiliwa (kwako wewe hiyo haisubiri), au tengeneza benchi lenye mkono wa mti unaobanwa kwa mguu, kisha uvute kisu cha mikono miwili, chenye mpini kila upande. Hapo kazi inafanywa na mgongo na miguu. Kwa kukomba, patasi ya mviringo na nyundo ya mti ni afadhali kwako kuliko kisu kilichopinda, ambacho kidole gumba ndicho egemeo lake. Dakika 20, pumzika 10. Maumivu yakidumu hadi kesho yake asubuhi, jana ulizidisha, punguza theluthi.

Taa iwekwe kando, chini, mwanga ulale juu ya mti. Kadiri umri unavyopanda mboni hufunguka kidogo kuliko zamani na lenzi ya jicho huwa ya manjano, kwa hiyo taa ya darini iliyotosha zamani haitoshi tena. Mwanga wa kando unaonyesha kila bonde na kila nyuzi iliyonyofoka.

Na vumbi: msasa mkavu ufanyie nje, na barakoa ya kuchuja vumbi laini. Vumbi la mbao liliwekwa mwaka 1995 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO. Maranda ya kisu hayana shida hiyo. Ni sababu nyingine ya kupenda kisu kikali kuliko msasa.

MstaafuMpya61

Asanteni sana. Nimefuata kadiri nilivyoweza. Wiki ya kwanza nimenoa tu. Sasa nina vipande viwili na matatizo mawili, nayaandika kama yalivyo kwenye daftari.

Namba 1, mpera. Moyo niliutoa. Ukuta wa kibakuli milimita 6 upande mmoja, 11 upande wa ncha. Nilikianika barazani, kinapigwa na upepo. Gramu 164, kesho yake 131, siku ya tatu 118, na siku hiyo ufa wa sentimita 2 kwenye ncha ya kibakuli.

Namba 2, mchungwa. Haukupasuka, lakini chini ya kibakuli pana manyoya, nyuzi zimenyofoka, na kila nikikomba zinazidi. Ukuta sasa ni milimita 4 na naogopa kutoboa.

Pia, niupake mafuta gani? Nina mafuta ya kupikia tu.

FundiTezo

Mzee, daftari lako limejibu lenyewe la kwanza. Gramu 33 siku moja ni moja ya tano ya uzito wote, ni haraka mno. Maji hutoka kwenye ncha za nyuzi kwa kasi kubwa kuliko kwenye ubavu, na ncha ya kibakuli ni mahali ambapo nyuzi zimekatwa wazi. Tena ndipo ulipoacha unene wa milimita 11. Ngozi ya nje ilinywea, ndani bado imejaa maji, ikabidi ngozi ipasuke. Kingine kisawazishe unene kwanza, kisha kizike ndani ya maranda yake yenyewe kwenye mfuko wa karatasi, mahali pasipo upepo wala jua. Kisipungue zaidi ya gramu 8 hadi 10 kwa siku mwanzoni. Ukihitaji kuacha kazi katikati, funga kwenye mfuko wa plastiki, lakini si zaidi ya siku mbili tatu, ukungu utaingia. Kwenye friza hukaa wiki kadhaa bila shida.

Huo wa mpera usiutupe. Kama ufa hauendi zaidi ya sentimita 2 na mti unaruhusu, sogeza umbo lote nyuma: kata ncha, uwe mwiko mfupi wa kugeuzia. Usiujaze gundi, kwa kuwa gundi huachia kwenye chombo kinachoingia moto na maji.

Wa mchungwa: acha kukomba leo. Manyoya chini ya kibakuli yana sababu mbili, na huenda unazo zote. Ama makali yamekufa, nayo hufa baada ya dakika 20 hadi 30 kwenye mti mgumu, au unavuka chini na kupanda. Uache ukauke kabisa kwanza, maana nyuzi mbichi ni laini na zinalala badala ya kukatika. Ukikauka, noa upya, kisha kata kwa kukatiza nyuzi, kidogo kama unene wa karatasi, kutoka ukingo wa kushoto hadi chini, halafu kutoka wa kulia hadi chini. Kujua umebakiza kiasi gani, kinyanyue kwenye taa kali. Mti ukifika milimita 2 hivi, mwingi huanza kupitisha mwanga mwekundu. Kabla ya hapo, simama.

Daftari_na_Kisu

La mafuta. Ya kupikia mengi hayakauki. Hubaki majimaji ndani ya mti, na baadaye huchacha. Unataka mafuta yanayoganda yenyewe yakikutana na hewa: ya mbegu za kitani, au ya jozi (muulize mtumiaji kwanza kama ana mzio wa jozi). Ya kitani chukua yale mabichi ya kuliwa. Yale yanayouzwa kwa kazi ya rangi kwa jina la "yaliyochemshwa" huwekewa chumvi za metali ili yakauke haraka, hayafai kwa kijiko.

Lowanisha mti kidogo kwa maji kwanza, uache ukauke, nyuzi zitainuka, zifute kwa maranda au msasa namba 400. Kisha paka mafuta, ngoja dakika 20 hadi 30, futa yote yaliyobaki juu mpaka kitambaa kitoke kikavu. Yakibaki juu hunata wiki nzima. Rudia baada ya siku tatu. Kiache wiki tatu au nne mahali penye mwanga. Kipo tayari pale harufu inapokwisha na kitambaa cheupe ukikisugua hakitoki na rangi ya njano.

Vile vitambaa vya mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye ndoo. Mafuta hutoa joto yanapoganda, na kitambaa kilichokunjwa hulibana hadi kikawaka chenyewe. Vitandaze kimoja kimoja nje, juu ya jiwe au saruji, mpaka vikakamae, au vitumbukize kwenye maji.